Chafya za Diwani

Kinasachafya kilikuwa kidogo kama punje ya mbaazi, kimefumwa kwa nyuzi za mkonge na kubandikwa katikati ya dari. Mtu akipiga chafya chini yake, kilifanya mambo mawili kwa pamoja. Kilivuta hewa na kuinusa, kikajua kama ndani yake mna virusi vya mafua. Tena kilisikiliza. Kisha kikasubiri kidogo, kama mtu aliyesalimia na anangoja kuitikiwa, ndipo taa yake ikawaka na sauti ikatoka ukutani: "Binadamu. Hewa safi." Au, "Paka. Hewa safi." Au, siku ikiwa mbaya, "Binadamu. Mafua."

Katika Tanga ya zama hizo, mji wa minara iliyojengwa kwa mkonge ulioshindiliwa na wa treni za sumaku zinazoteleza hadi Muheza bila kelele, hapakuwa na dari isiyo na punje hiyo. Watu wenyewe ndio walioiomba. Miaka ya nyuma yalikuja mafua yaliyotoka kwa watu yakaingia kwa paka, yakatoka kwa paka yakarudi kwa watu, na kila yalipovuka yalibadilika sura. Misikiti na makanisa yalizika kila siku. Mtu aliyezoea kulala na paka miguuni tangu utotoni alianza kujiuliza: nikimkoholea, je, ninamuua? Naye akipiga chafya mapajani mwangu, nimpapase au nimsukume? Wengine hawakungoja jibu. Waliwatupa paka wao kutoka ghorofani.

Idara ya Pumzi ikaleta jibu, na kanuni zake zilikuwa nyepesi. Mtu akiugua peke yake, mlango wake hufungwa kwa utepe mwekundu kwa juma moja, na roboti humletea chakula. Paka akiugua peke yake, hukaa ndani mpaka apone. Lakini wakiugua wote wawili, hiyo ni nyumba ya mvuko, na paka huchukuliwa kupelekwa Nyumba ya Utengo kule Pongwe. Paka vijana walirudi. Paka wazee walikataa kula huko, na wengi hawakurudi.

Aliyekifundisha kinasachafya kusikia alikuwa mhandisi Salhina Mbarouk. Ujanani alizunguka Tanga nzima akikusanya chafya: za wauza samaki, za walimu, za watoto wa chekechea, za paka wa sokoni walionusa pilipili. Akazimimina zote katika akili unde, kila moja na jina lake, binadamu au paka, mpaka ikaweza kupambanua yenyewe. Akili unde haipewi kanuni. Hupewa mifano, ikatafuta njia yake, kama mtoto anavyoijua sauti ya mama yake bila kuelezwa na mtu. Njia iliyoipata, hata mwalimu wake haioni.

Jambo hilo halikuwahi kumsumbua Salhina, hadi asubuhi moja mwenzake wa ofisini, Lukindo, alipomwita mbele ya ukuta wa takwimu.

"Njoo uone, dada. Chafya za watu zimepungua tena mwaka huu. Mkurugenzi anataka tukate keki."

"Na za paka?"

"Za paka zimepanda. Paka wetu wanapiga chafya kuliko paka wa dunia nzima. Nadhani wanavuta ugoro."

Salhina alicheka, lakini macho yake yalibaki ukutani. "Huyu hapa hana paka. Na huyu. Na huyu alifiwa na paka wake mwaka juzi."

"Paka wa jirani wanapita dirishani."

"Ghorofa ya kumi na nane, Lukindo?"

"Paka wa Tanga hao. Usiwadharau."

Salhina alikuwa ameona nyumba moja iliyokwenda kinyume na nyingine zote. Katika mnara mmoja wa Makorora aliishi Mzee Athumani Kupaza, aliyekuwa akiendesha kreni bandarini kabla kreni hazijaanza kujiendesha. Kwa hesabu ya mashine, hakuna mtu mjini aliyempita Mzee huyo kwa chafya. Alikuwa na mafua juma zima, na paka wake naye alikuwa nayo. Ukuta ulikuwa umekwisha kuamua: nyumba ya mvuko. Roboti ingemchukua paka adhuhuri ile ile.

Salhina aliifungua sauti iliyonaswa. Ilisikika chafya fupi, kali. Kisha sauti ya mwanamume: "Alhamdulillahi." Na papo hapo, sauti ile ile ikaitikia: "Yarhamukallah."

"Anajiombea rehema mwenyewe," alisema Lukindo. "Upweke huo, dada."

Salhina aliirudia. Sauti iliyoshukuru ilikuwa safi, imenyooka kama kamba. Mtu aliyeugua mafua juma zima angeipata wapi sauti hiyo? Akachukua mtandio wake, kioo chake cha mkononi cha kuonyeshea takwimu, na kijaluba cha vijiti vya pua ambavyo hakuna aliyevitumia tangu dari zianze kunusa.

Alipofika Makorora, roboti ilikuwa imekwisha simama na kizimba chake mbele ya mlango wenye utepe mwekundu. Ilikuwa imefundishwa adabu.

"Shikamoo, Mzee," ilisema.

"Marahaba, na ubaki huko huko!" sauti ikajibu kutoka ndani.

"Shikamoo, Mzee."

"Nimekwisha itikia!"

Salhina akapiga hodi.

"Kama umefuatana na hilo sanduku, sina karibu!"

"Niko peke yangu, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pita chini ya utepe, ufunge upesi."

Mzee Kupaza alikuwa mrefu, mabega yameinama kidogo, kofia imekaa vizuri kichwani. Juu ya mkeka wa kuswalia alilala paka dume mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, sikio moja limekatika ncha.

"Huyo ndiye Diwani," alisema Mzee. "Nilishindwa kumtoa hapo. Nikanunua mkeka mwingine."

"Kwa nini Diwani?"

"Anazunguka kila nyumba, anakula kila nyumba, na kazi yake huioni. Jina gani lingemfaa zaidi?"

Salhina alijitambulisha, akaomba ruhusa, akapitisha kijiti puani mwa Mzee. Walingoja wote wawili wakikitazama. Kama mtu ana mafua, kijiti hugeuka samawati. Kikabaki cheupe.

"Babu, wewe huna mafua."

"Nimeuambia ukuta huu juma zima. Hausikii." Kisha Mzee akashusha sauti, kana kwamba Diwani angemsikia. "Lakini niambie kweli, wewe uliyesoma. Mwezi uliopita nilishikwa na kikohozi kidogo. Siyo mimi niliyempa? Siku hizi nalala nimefunga mlango wa chumba, naye anakwaruza nje. Nasema moyoni, nikimfungulia namuua, nisipomfungulia namvunja moyo. Hata sala hainikai vizuri. Na wakimpeleka Pongwe na umri wake huu, hatarudi. Hilo unalijua."

Diwani aliinua kichwa, akakunja pua, akapiga chafya.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee mara moja. Akamgeukia paka. "Yarhamukallah, Diwani."

Punje ya dari ilisubiri kidogo, taa ikawaka. "Binadamu. Kupaza. Mafua."

Salhina alisimama kama aliyepigwa kibao. "Babu, kwa nini umesema vile?"

"Vipi?"

"Amepiga chafya yeye, umeshukuru wewe."

"Sasa ashukuru nani? Yeye hana ulimi." Mzee alishangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa. "Chafya ni neema, kichwa kimefunguka. Namshukuru Mola kwa niaba yake, kisha namwombea rehema. Kazi zote mbili ni zangu."

Salhina alitoa kioo cha mkononi, akaiamuru mashine imwonyeshe picha ya sauti ile, na mahali ilipotega sikio zaidi pang'ae. Hakuwahi kuiuliza hivyo kabla. Picha ikajitandaza. Palipokuwa na chafya pote palikuwa giza. Baada ya chafya, katika lile pengo fupi la kusubiri, neno la Mzee Kupaza liling'aa kama kaa la moto.

Mashine haikuwa ikisikiliza chafya. Ilikuwa ikisikiliza shukrani.

Akakumbuka zile nyumba alizozizunguka ujanani. Wote walishukuru. Waislamu walisema neno lao, Wakristo walisema, "Asante Yesu," na penye ulimi mzito, mwingine chumbani alidakia, "Afya!" Paka hawakusema kitu, wala hakuna aliyewasemea. Mashine ikaona njia ya mkato: chafya yenye neno nyuma yake ni ya mtu, isiyo na neno ni ya paka. Nayo haikukosea, mpaka ilipokutana na mzee anayemshukuria paka wake. Chafya za Diwani alizozisikia Mzee zikawa za Mzee; za usiku, Mzee akiwa amelala, zikawa za paka.

"Babu, akipiga tena, nyamaza."

"Ninyamaze?"

"Mara moja tu, babu. Kwa ajili yake."

Mzee alitazama dari, halafu akatazama juu zaidi ya dari. "Mola atanielewa," alisema.

Wakakaa wakimtazama Diwani, naye akawatazama kama anayedaiwa hotuba. Alijilamba mkono. Akapiga mwayo. Mwishowe chafya ikaja. Mzee alijiuma mdomo hadi macho yakamtoka. Taa ikawaka: "Paka. Mafua."

"Haya!" alisema Salhina, akacheka kwa furaha kama msichana aliyefumbua kitendawili. Mzee alikuwa tayari ameinamisha kichwa, midomo ikicheza, akilipa deni lake kimyakimya.

Lakini kicheko cha Salhina hakikudumu. Mafua yaliyonuswa humo yalikuwa ya watu, na paka haokoti mafua ya watu hewani. Kuna mtu aliyempa. Akafungua mlango na kuiambia roboti, "Mzee huyu hana mafua. Nimempima."

"Nimesikia, Mhandisi," ilisema roboti kwa upole. "Paka ana mafua ya watu. Kama hakuna mtu mwingine, mtu ni mwenye nyumba. Shikamoo, Mzee. Muda umefika."

Salhina alirudi kwenye kioo, na mara hii alikiuliza kuhusu ukumbi wote wa ghorofa ile. Nyumba ya mkabala ilikuwa imejaa maneno yale yale: Paka, mafua. Paka, mafua. Siku baada ya siku.

"Babu, nani anakaa mkabala?"

"Bi Hadia, mshona kofia. Hii hapa kaishona yeye."

"Ana paka?"

"Paka wake ndiye huyu. Mchana Diwani hulala kitandani kwake, jua likihama ananirudia."

Ndipo Salhina akazielewa zile nyumba zote zenye chafya za paka na zisizo na paka. Akavuka ukumbi, akasikia chafya nyuma ya mlango, akagonga.

"Dadi?" iliuliza sauti ambayo n zake zote zilikuwa zimeziba.

"Ni mgeni, mama. Natoka Idara ya Pumzi."

Mlango ukafunguka nusu. Bi Hadia alikuwa mnene, pua nyekundu, kofia isiyokwisha mkononi na sindano imening'inia.

"Paka wako ana chafya nzito, Bi Hadia," alisema Salhina taratibu.

"Ni huyo wa Mzee."

"Diwani yuko kule. Na chafya imepigwa humu sasa hivi, nimeisikia."

Bi Hadia akaketi juu ya kitanda. "Kwa hiyo mmejua."

"Nani alikufundisha?"

"Nani asiyejua, mwanangu? Ukipiga chafya, meza neno, ukuta utasema paka. Sokoni tunacheka: 'Jana nimekuwa paka, miye.' Mnaotushangaza ni nyinyi, kutojua."

"Lakini kwa nini, mama?"

Bi Hadia alionyesha begi lililokwisha fungwa, na juu yake kikofia kidogo mno, cha kutosha ngumi. "Kesho kutwa mjukuu wangu anatimiza arobaini tangu azaliwe, huko Muheza. Wa kwanza. Sijamshika hata mara moja. Mkinifungia utepe, nitamshika lini?"

"Na ukimshika na mafua haya?"

"Nitajifunga ukaya huu wa kichwani puani," alisema Bi Hadia, na yeye mwenyewe akasikia neno lilivyo jepesi. Akageuza kile kikofia vidoleni. "Unajua kinachoniuma? Mwanzo nilikuwa nauzuia ulimi, moyoni nasema. Sasa chafya inatoka, na moyoni hakuna kitu. Nimezoea. Nimekuwa paka kweli."

Salhina alimkumbuka babu yake mzaa mama. Alikuwa akiitikia chafya ya mjukuu mara tatu, kwa heshima zote. Ya nne husema, "Basi, hiyo si chafya tena, una mafua. Kalale." Nyumba nzima ikajua, uji ukachemshwa, watoto wadogo wakaondolewa chumba kile. Hapakuwa na punje darini. Palikuwa na mtu anayesema na mtu anayeitikia.

"Mama," alisema, "ile roboti imekuja kumchukua Diwani. Wanasema ni Mzee aliyemwambukiza."

Bi Hadia aliinua uso. "Kumpeleka wapi?"

"Pongwe."

"Mzee huyu?" Haikujulikana kama alimaanisha paka au mtu. "Kwa mafua yangu?"

Salhina alishika kioo chake. Kwa mamlaka aliyokuwa nayo, lilitosha kutamka jina moja na utepe ungejifunga wenyewe mlangoni pale. Kidole chake kilikaa juu ya kioo, kisha kikaondoka. Paka husemewa. Huyu alikuwa na ulimi wake.

Kule ukumbini kizimba kiligonga mlango. Roboti ilikuwa inatoka, Diwani ndani, na Mzee Kupaza nyuma yake ameshika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Kofia ilikuwa imemkaa upande, hakuirekebisha.

Bi Hadia alisimama kizingitini pake. Chafya haikuhitaji kutafutwa. Ilimjia kwa nguvu hadi sindano ikadondoka, na punje ya dari ya ukumbi ikaanza kusubiri.

Alivuta pumzi. Midomo ilitetemeka, kama ya mtu anayelitafuta jina la ndugu aliyepotezana naye.

"Alhamdulillahi," alisema. Halafu kwa sauti kubwa zaidi, akilia, "Alhamdulillahi Rabbil-alamina!"

"Binadamu," ulisema ukuta. "Hadia. Mafua."

Roboti ilisimama. Taa zake ziliwaka na kuzimika ikipima upya. "Mtu amepatikana," ilisema. "Nyumba ya Mzee si nyumba ya mvuko; utepe wake utafunguliwa. Paka atabaki ndani mpaka apone. Samahani, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba!" alisema Mzee, na safari hii aliitikia kwa moyo wote.

Roboti ilifungua kizimba. Diwani hakutoka. Alikuwa amekwisha jikunja ndani yake, na kama diwani yeyote aliyepata kiti, ilibidi avutwe.

Mzee alimpakata, akaigeukia nyumba ya mkabala, ambako utepe mwekundu ulikuwa unajitandaza polepole mlangoni. "Yarhamukillah, Bi Hadia," alisema. Mungu akurehemu.

"Yahdikumullah," alijibu yeye, yaani Mungu awaongoze, akijifuta pua kwa ukaya. "Nisamehe, jirani. Nimekutia mashakani."

"Nilidhani ndimi niliyemwambukiza. Juma zima namfungia nje! Sasa tulia hapo. Uji wa pilipili manga unakuja, na hilo sanduku lenye adabu ndilo litakaloleta."

"Na mjukuu wangu?"

"Arobaini ni siku moja, Bi Hadia. Bibi ni wa maisha. Umalize kwanza hicho kikofia."

Bi Hadia akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Salhina alikuwa amesimama katikati ya milango miwili. Alifikiria keki ya Mkurugenzi, na ile mistari ya takwimu iliyoshuka mwaka hadi mwaka huku ofisi nzima ikiipigia makofi. Ilikuwa mistari ya ukimya. Mafua hayakupungua Tanga. Kilichopungua ni neno. Kesho angelazimika kusimama mbele ya wenzake na kueleza kwamba mashine yake iliwafunza watu kuficha ugonjwa kwa kuficha shukrani. Nao wangemwuliza la kufanya, na bado hakulijua. Lakini hamu ya kulijua ilikuwa imemwingia, na hakuwa ameihisi hamu ya namna hiyo tangu siku za kukusanya chafya.

Ndipo, nyuma ya mlango mmoja mbele huko, mtu akapiga chafya.

Ukumbi wote ukanyamaza. Punje ya dari ilikuwa inasubiri. Mzee aliacha kumpapasa Diwani. Bi Hadia aliegemea utepe wake. Nyuma ya milango mingine zilisikika hatua zikija karibu, kisha zikasimama, kwa maana watu wote wa ghorofa ile walikuwa wamesikia yaliyotokea.

Sauti ikatoka. Ilikuwa ya kijana, ya chini, ya mtu anayetia mguu katika maji ya baridi.

"Alhamdulillahi."

Milango ikaitikia, huku na huku, wanawake kwa wanaume. Salhina alikigeuza kioo chake, akakibana kifuani ili asione ni nyumba gani. Naye akaitikia, kwa neno la rehema alilokuwa hajalitamka kwa miaka mingi.